Uliza Mama Pedeli: Miguu utaipata, mchango je?

*Mama Pedeli ni mzaliwa wa Tanga, anauguza wazee mjini Worcester, Massachusetts, na hujibu barua za wasomaji kuhusu baiskeli na yote yanayoambatana nayo.*

Mama Pedeli, habari za siku nyingi. Mimi niko Lowell, nilikuja huku kutoka Eldoret. Kazini kwetu kuna timu ya Pan-Mass Challenge, ile safari ya baiskeli ya kuchangia utafiti wa saratani, na wameniomba nijiunge nao mwakani. Mama yangu alifariki kwa saratani ya umio, kwa hivyo kukataa naona vigumu. Lakini baiskeli sijaikanyaga tangu siku zile nikipeleka maziwa kabla ya shule. Tena pesa wanazotaka nichangishe ni nyingi, na sisi hapa kila wikendi ni harambee: msiba, mwili wa kusafirisha, mtu kalazwa. Nitamwendea nani tena? La mwisho ni la mke wangu: kwa nini jasho letu liende hospitali tajiri ya Boston wakati kule nyumbani watu wanafia kwenye foleni ya mashine? — Msomaji, Lowell

Kaka, pole sana kwa mama. Mke wako ndiye aliyeuliza zito kuliko yote, kwa hiyo hilo nitalikalia mwishoni. Kwanza niwaeleze wasomaji wa Dar na Mombasa tunazungumzia nini.

Pan-Mass Challenge haina mshindi wala medali ya wa kwanza. Ni safari ya siku mbili, Jumamosi na Jumapili ya kwanza ya Agosti, na njia yake ndefu inaanzia mji mdogo wa Sturbridge na kuishia Provincetown, pale nchi inapoishia kabisa kwenye ncha ya Cape Cod. Ni kilomita kama 300 hivi. Ilianza mwaka 1980: Billy Starr, ambaye mama yake alifariki kwa saratani ya ngozi mwaka 1974, alitoka na marafiki, waendesha 36 kwa jumla, wakarudi na dola 10,200. Leo wanaendesha maelfu. Kwa safari ya mwaka 2024 walikabidhi dola milioni 75, na jumla tangu mwanzo ikavuka bilioni 1. Fedha anazochangisha mwendeshaji huenda zote kwa taasisi ya saratani ya Dana-Farber, Boston. Gharama za kuandaa hulipwa na wadhamini na ada za kujiandikisha. Hilo la mwisho ndilo lililonifanya mimi niwaamini, maana nimeshaona michango mingi inayoliwa na hema na spika kabla haijamfikia mgonjwa.

Sasa miguu. Jumamosi ni kama kilomita 175 hadi Bourne, kwenye chuo cha mabaharia kando ya mfereji. Ni zaidi kidogo ya Mombasa hadi Voi. Jumapili unavuka daraja kabla jua halijapanda na kuifuata Cape hadi mwisho. Watu watakwambia wewe wa Eldoret miguu umezaliwa nayo. Usiwasikilize. Mbio ni mbio, na baiskeli ina misuli yake, hasa ile ya mapaja kwa mbele, halafu shingo, ambayo hakuna anayeikumbuka mpaka siku ya pili asubuhi. Theluji ikishayeyuka, anza na saa moja, mara tatu kwa wiki. Wewe una bahati: njia ya Bruce Freeman, iliyotandazwa juu ya reli ya zamani, inaanzia hapo hapo Lowell na haina magari. Jumamosi iwe siku ya safari ndefu, uwe unairefusha kidogo kidogo. Ila njia ya reli ni tambarare na Sturbridge si tambarare hata kidogo, kwa hiyo kufika Juni uhamie barabara zenye milima. Julai fanya jambo ambalo wageni wengi hulikwepa: endesha Jumamosi kutwa, kisha Jumapili panda tena hata kwa saa mbili. Ukiweza kukaa kwenye kiti siku ya pili, umeiva.

Na kiti chenyewe tukiseme waziwazi, maana barua zinazokuja kwangu kwa aibu zote ni za makalio. Egemea ukuta ukiwa juu ya baiskeli, vua viatu, weka kisigino kwenye pedeli na uizungushe mpaka chini kabisa. Goti linyooke sawasawa bila nyonga kulalia upande. Ikibidi unyooshe vidole vya mguu kuitafuta pedeli, kiti kiko juu. Goti likibaki limekunjika wakati kisigino kiko chini, kiti kiko chini. Ukishahamishia uzito kwenye unyayo wa mbele, goti litabaki na mkunjo mdogo, na huo ndio unaotakiwa. Kisha nunua bukta ya baiskeli yenye sponji, na nguo ya ndani ivuliwe. Najua. Vua. Mshono wa chupi ndio unaochubua. Paka mafuta mazito mahali panaposuguana kabla hujatoka nyumbani, si baada ya kuanza kuwaka moto.

Njiani, kumbuka huku tunaendesha kulia. Anayekupita atapita kushoto kwako na atatangaza kwa sauti, nawe usishtuke ukageuza usukani. Spika za masikioni haziruhusiwi, na kofia ngumu ni lazima. Vituo vya maji na chakula viko vingi: mikate ya siagi ya karanga, tikiti maji, matango ya siki ambayo utayacheka kituo cha kwanza na kuyatafuta mwenyewe kituo cha tatu, kwa ajili ya chumvi. Mimi huongeza kashata za nazi mfukoni. Haziyeyuki, na Wamarekani wakishaonja mnakuwa ndugu.

Haya, pesa. Hapa ndipo wengi wanapokwama, na mimi nasema wazi: kama hutaki kuomba, usijiandikishe. Kwa njia ile ndefu kiwango ni zaidi ya dola 5,000, na unapojiandikisha unatoa namba ya kadi yako ya benki. Usipofikisha, pengo linakatwa kwako. Hakuna huruma hapo, na ni sawa, kwa sababu ahadi isiyolipwa haijawahi kununua hata bomba la sindano. Sisi tuliokaa kwenye kamati za harusi tunaujua vizuri mstari unaotenganisha «kaahidi» na «kalipa». Ukiona hicho kiwango ni kikubwa kwa mwaka wa kwanza, zipo njia za siku moja zenye kiwango cha chini, na hakuna atakayekudharau.

Nitamwendea nani tena, unauliza. Usianze na watu wetu. Anza na wale ambao hawajawahi kusikia neno harambee: bosi wako, daktari wako wa meno, kocha wa mpira wa mtoto, jirani mwenye mbwa, mwenye nyumba. Kisha nenda ofisi ya rasilimali watu uulize kama kampuni hulinganisha michango ya wafanyakazi. Kampuni nyingi za huku mfanyakazi akitoa dola 100 nazo huongeza 100, na watu hufanya kazi humo miaka bila kujua. Mwombe kila mtu kwa jina lake, ana kwa ana au kwa simu. Ujumbe wa kundi hauna mwenyewe. Kila anayeusoma anajua kuna mwingine atakayejibu.

Kundi la WhatsApp la misiba liache kabisa. Lile ni la kuzika watu wetu na kuwafikisha nyumbani, na mwenye mwili uliolala mochwari Boston asije akakuta kiungo chako cha baiskeli juu ya tangazo lake. Ukiwaendea watu wetu, waendee kanisani baada ya ibada au kwenye chai, uombe dola 10 na jina. Jina la mtu waliyempoteza, au anayeugua sasa. Utashangaa watu wanavyokuwa wepesi kutoa jina kuliko pesa, na baada ya jina pesa huja. Mimi huyaandika kwenye plasta nyeupe, ile pana ya hospitali, kwa kalamu isiyofutika kwa jasho, na kuibandika kwenye bomba la juu la fremu, mahali macho yanapoangukia kwenye mlima. Tumia herufi kubwa, na acha nafasi, kwa sababu kuna watakaokupa majina ya ukoo mzima.

Hela isipite mfukoni mwako. Kila mwendeshaji ana ukurasa wake wa mchango. Tuma huo, mtoaji aweke mwenyewe na apate risiti, maana huku mchango kama huu waweza kumpunguzia kodi. Bibi akikupa noti mkononi, iingize siku hiyo hiyo kwa jina lake na umwonyeshe kwenye simu. Kaka, unajua kilichoua vyama vyetu vingi, na haikuwa ukosefu wa watoaji.

Tumfikie shemeji.

Shemeji, hoja yako nimeisikia kwa watu wengi na siibezi. Fedha za Pan-Mass Challenge hazitanunua mashine ya mionzi ya Eldoret wala ya hospitali ya saratani ya Ocean Road pale Dar. Anayekwambia zitafika huko anakudanganya. Ukitaka shilingi yako iguse kitanda cha nyumbani, itume nyumbani kwa njia nyingine, na mimi nitakuwa wa kwanza kukusifu. Ila utafiti ni mfuko wa pili, na huo nao una historia yetu ndani yake.

Mwaka 1947, Sidney Farber, daktari wa Boston ambaye kazi yake hasa ilikuwa maabara, alianza kuwajaribia watoto wenye saratani ya damu dawa za kuizuia asidi ya foliki, ambayo chembe za saratani huitegemea kuzaliana. Dawa zenyewe zilitoka kwenye maabara aliyoiongoza Yellapragada Subbarow, mwanasayansi kutoka India. Mwaka 1948 Farber alichapisha matokeo: watoto 16, na 10 kati yao walipata nafuu. Ilikuwa nafuu ya muda tu, lakini kabla ya hapo hapakuwa na nafuu yoyote. Mtoto aliambiwa arudi nyumbani. Taasisi aliyoianzisha ndiyo ikaja kuwa Dana-Farber. Mwaka huo huo mvulana mgonjwa aliyeitwa «Jimmy» redioni, ili jina lake halisi lifichwe, alitembelewa kitandani na wachezaji wa besiboli hewani, na wasikilizaji wakamwaga michango. Watu waliamini alishakufa. Mwaka 1998 akajitokeza: Einar Gustafson, mzee dereva wa malori kutoka Maine.

Sasa njoo upande wetu. Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago, Kampala, daktari wa upasuaji Denis Burkitt aliona mtoto mwenye uvimbe pande zote za taya. Akaufuatilia. Mwaka 1961 yeye na madaktari wenzake wawili walipakia gari kuukuu wakaelekea kusini hadi Afrika Kusini, karibu maili 10,000, wakiuliza hospitali hadi hospitali nani ameuona uvimbe ule. Na alipotafuta dawa ya watoto wale, mojawapo ya zilizofanya uvimbe unyauke ilikuwa metotreksati, ya ukoo ule ule wa dawa za Farber. Wapo watoto wa Uganda na Kenya waliopona. Vipande vya uvimbe vilipopelekwa kwa ndege kutoka Kampala hadi London, humo ndimo walimoona mwaka 1964 kirusi cha kwanza kujulikana kusababisha saratani kwa binadamu.

Kwa hiyo shemeji, nikisikia «utafiti wa Wazungu», huwa nakumbuka taya za watoto wa Uganda. Tulishachangia, tena hatukuombwa ruhusa kwa adabu. Saratani ya umio iliyomchukua mama mkwe wako imeshika ukanda wote kuanzia Ethiopia kushuka Afrika Mashariki, na mpaka leo sababu zake hazijafunguka zote. Mwaka 2016 shirika la utafiti wa saratani la WHO lilisema vinywaji vya moto sana, zaidi ya nyuzi 65, huenda ni mojawapo. (Nasema hivi na chai yangu iko hapa inafuka. Nimeisogeza pembeni kidogo.) Mtu lazima alipwe kukaa akachunguza mambo hayo, na anayelipwa leo Boston au Eldoret, jibu lake likipatikana halihitaji viza. Dawa itahitaji bei, hilo nakubali, na ni vita nyingine.

Uamuzi ni wenu wawili. Lakini kaka asiendeshe kwa sababu ya aibu ya kazini.

Shikamoo Mama Pedeli. Nina miaka 22, nasoma Worcester, wazazi wangu ni wa Mombasa. Nataka kuendesha siku moja tu, lakini sijaona mwendeshaji yeyote mwenye hijabu kwenye picha zao. Nitavaaje? Na sala je? — Binti, Worcester

Marahaba mwanangu. Njoo Tanga uone kina mama na mabuibui yao juu ya baiskeli za Phoenix, na samaki kwenye kapu la mbele, ndipo utajua kwamba hujaanzisha kitu kipya.

Tafuta hijabu ya michezo, ile ya kuvuta kichwani, nyembamba, isiyo na pini. Pini chini ya kofia ngumu ni hatari hata ukianguka pole pole. Nenda dukani ukiwa umeivaa ndipo ujaribu kofia, kwa sababu kitambaa hubadilisha saizi, na mkanda upite juu ya kitambaa, ushike chini ya kidevu kwa nafasi ya vidole viwili. Suruali pana ndiyo hatari kuliko zote: cheni iko mguu wa kulia, na ikiumeza upindo utakwenda chini na baiskeli yote. Vaa bukta yenye sponji ndani, juu suruali nyembamba, halafu kanzu fupi ya mapajani isiyoning'inia nyuma ya kiti. Ukilazimika kuvaa pana, ifunge kifundo cha kulia kwa ukanda wa lastiki. Chagua rangi nyepesi. Agosti ya huku ina unyevu kama wa kwetu.

Sala: vituo viko nje, nyasi zipo, na mkeka mwembamba unakunjika mfukoni mwa mgongo. Muulize shekhe wako kuhusu ruhusa ya msafiri ya kukusanya na kupunguza, umweleze umbali halisi utakaoendesha. Maji ya udhu yapo tele, ila jaza chupa yako ya kunywa kwanza.

Dada, mimi nilitibiwa saratani ya titi, wakatoa na tezi za kwapani. Sasa niko vizuri ila mkono wa kushoto huvimba nikiuchosha. Naweza kuendesha, au nikae nikaangalie wenzangu? — Mama wa watoto watatu, Portland, Maine

Dada yangu, hili la mkono jibu lake liko kwa daktari wako na mtaalamu wa mazoezi ya tiba, tena umwambie yote: masaa mangapi, na kwamba uzito wa kifua utakuwa umelalia viganja. Mimi nitakupa la baiskeli. Inua usukani uwe juu ya kiti au usawa nacho, uzito urudi nyuma. Weka matairi mapana yenye upepo wa wastani, yapunguze mtetemo. Badilisha mshiko mara kwa mara, na ukisimama kituoni inua mkono juu, fumba na kufumbua ngumi. Saa na bangili zihamie mkono wa pili. Kama umeandikiwa ile soksi ya mkono ya kubana uvimbe, ivae tangu mwanzo, na glovu isiwe na lastiki ya kukata kifundo. Ukiona uvimbe unapanda, gari la kubeba waliochoka lipo, na wengi wenye mikono mizima hulipanda.

Jua pia kwamba safari ile huwezeshwa na maelfu ya watu wa kujitolea: kumwaga maji, kupanga mizigo, kugawa tikiti. Na hutakuwa peke yako. Jumamosi kule Bourne, waendesha na wasaidizi waliopona, na wanaoendelea na matibabu, hukusanyika kupiga picha ya pamoja, na kila mwaka picha inahitaji nafasi pana.

Mama Pedeli, mume wangu anaendesha mwaka huu. Mimi na watoto tusimame wapi, tubebe nini? Na wa kwangu wa miaka saba analia anataka kwenda naye. — Mama Saba, Framingham

Msimsubiri mwanzoni, alfajiri ile hana hata muda wa kuwaona. Wala msimfuate kwa gari kituo hadi kituo, mtajaza barabara. Chagueni sehemu moja ya Jumamosi mchana, baada ya nusu ya safari, penye mlima mdogo. Mlimani wanakwenda pole, atawaona na nyinyi mtamwona. Bebeni viti, kivuli, sufuria na mwiko wa kupigia. Pigieni kila anayepita, si baba tu, maana kuna waliotoka mbali wasio na mtu barabarani. Nguo zake za Jumapili hakikisha ziko kwenye begi lake, na soksi zaidi ya anazodhani zinatosha.

Kama anarudi na boti ya Provincetown hadi Boston, mwambie aweke nafasi mapema, yake na ya baiskeli. Na yule wa miaka saba mfutie machozi: kuna safari za watoto za Pan-Mass Challenge katika miji mingi ya Massachusetts, fupi, zinaanza majira ya machipuko. Atapata namba yake kifuani. Magurudumu ya pembeni yanaruhusiwa, lakini nadhani atakataa.